Kitu Kilichokuwa Shingoni mwa Kocha

Hapa kwetu Uru ukiuliza habari za Odilia utaambiwa ni yule mama aliyemchana mbwa kwa wembe ili mkwe wake asipande naye ndege. Utaambiwa hivyo kwenye sala za jumuiya, utaambiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, utaambiwa hata na katekista, ambaye kazi yake ni kutukataza kusengenya. Kila ninapoisikia hadithi hiyo imeongezwa chumvi. Juzi wameongeza kwamba alikuwa anacheka wakati anakata. Hakucheka. Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyemshika mbwa.

Mimi ni Flavia. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, nimestaafu, na kihamba changu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kimepakana na cha Odilia kwa mstari wa masale uliopandwa na wakwe zetu kabla sisi hatujazaliwa. Kwa asiyetujua, isale ni mmea wa majani marefu ambao huku mlimani ndio mpaka wa kihamba na kihamba. Na una kazi nyingine. Ukimkosea mtu vibaya, unakata jani la isale, unampelekea mkononi. Akilipokea, maneno yamekwisha.

Simtetei Odilia kwa kuwa anapendeka. Hapendeki, na hajawahi kumwomba mtu ampende. Aligombana na chama cha ushirika kuhusu mizani ya kahawa, akagombana na mwalimu wa kwaya aliyemwambia apunguze sauti, akagombana nami kuhusu tawi la mparachichi lililovuka mpaka, tukakaa miaka miwili hatusalimiani huku kila mmoja akimsikia mwenzake anavyokohoa. Lakini mjue alikotoka. Mume alifariki akimwacha na miaka ishirini na tisa na mtoto mmoja mgongoni. Ndugu wa mume wakakitaka kihamba. Alikaa mlangoni siku tatu na panga la kukatia migomba, wakachoka, wakaenda zao. Kahawa alichuma mwenyewe, majani ya ng'ombe alipanda nayo kutoka tambarare kichwani, na huyo mtoto, Fabian, akasoma.

Fabian alikuwa mtu wa watu, sijui alimrithi nani. Alinunua viazi Sanya Juu akaviuza mjini, na jioni akawafundisha mpira vijana wa parokia. Mbwa wake, wa rangi ya udongo na sikio moja lililolala, alikimbia pembeni ya uwanja akibwekea kila mpira uliotoka nje. Vijana wakamwita Kocha, na jina likaganda.

Mwaka uleule aliomleta mbwa, Fabian akamwoa Joyness, na vita vikaanza.

Joyness alizaliwa kwenye kambi za kiwanda cha sukari kule chini. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata miwa, akabaki. Msichana akasomea unesi, akapata kazi kwenye zahanati ya mjini. Kwa Odilia alikuwa mtoto wa kambini asiye na kihamba wala ukoo, na mtori wake ulikuwa mzito mpaka mwiko unasimama. Hayo aliyasema waziwazi, Joyness akiwa jikoni. Miaka saba walikaa nyumba moja, na mtoto hakupatikana. Odilia aliihesabu miaka hiyo kwa sauti kila Krismasi. Mwaka wa nane lori la viazi lilipinduka na Fabian ndani yake. Tulimzika kihambani, chini kidogo ya mibuni ya kahawa, na baada ya arobaini Joyness akahamia chumba cha kupanga Majengo, kule mjini. Mwenye nyumba hakutaka mbwa. Kocha akabaki kwa Odilia, na Joyness akawa anakuja kila Jumamosi kumwona. Kumwona mbwa, si mama mkwe.

Mwezi wa pili mwaka jana alikuja na mkoba mkubwa kuliko kawaida. Mimi nilikuwa nimekaa na Odilia uani tunachambua maharage.

"Shikamoo mama."

Odilia akawaita kuku. Joyness alishazoea.

"Mama, nimepata kazi Ujerumani. Nyumba ya kulelea wazee. Naondoka mwezi wa nane."

"Nenda."

"Na Kocha nitaenda naye."

Mikono ya Odilia ikasimama juu ya ungo.

"Fabian yuko pale chini ya kahawa," akasema. "Mjukuu hukunipa. Kilichobaki cha mwanangu kinachopumua ni huyo mbwa. Naye unanichukulia?"

"Alimleta kwa ajili yangu, mama. Mwaka tuliooana, ili nisikae peke yangu akienda Sanya Juu."

"Peke yako! Mimi humu ndani nilikuwa nani, jiwe la kusagia?"

Joyness alimpigia Kocha mluzi, mbwa akaja mbio, akajilaza miguuni mwake, na mimi niliona uso wa Odilia wakati ule. Alimwonea wivu, basi. Mwanamke wa miaka sitini na sita anamwonea wivu msichana kwa sababu ya mbwa, na alikuwa na haki ya kuona wivu, maana ndiye aliyekuwa akimpikia huyo mbwa.

Joyness alipoondoka, Odilia aliniambia, "Anaenda kuogesha mama za Wazungu, Mwalimu. Na mimi wa kwake, ataniogesha nani?" Watoto wangu watatu wako Dar es Salaam na Afrika Kusini, na wananipigia simu sikukuu.

Sasa kumpeleka mbwa Ujerumani si jambo la kumfunga kamba na kwenda naye uwanja wa ndege. Mwezi wa tatu alipanda daktari wa mifugo kutoka mjini, Shedrack, kijana mpole mwenye sanduku la vifaa. Odilia alipoiona gari yake alichukua jembe akashuka shamba la chini. Alisema hataki kushuhudia. Kwa hiyo Joyness ndiye aliyemshika mbwa, daktari akafanya kazi yake, na walipomaliza Joyness akavuka masale akaja kwangu.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba unisaidie, maana mama haongei na mimi. Kocha amewekewa chipu chini ya ngozi, hapa shingoni, karibu na mabega. Ni ndogo, punje ya mchele tu, na ina namba. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliyopigwa leo, damu tutakayompima baada ya siku thelathini, karatasi zote, zinafuata namba hiyo. Chipu ikitoka, kwa Wajerumani huyu mbwa hajawahi kuchanjwa. Tunaanza moja: chipu, chanjo, damu ipelekwe maabara ya nje, halafu miezi mitatu ya kusubiri. Mimi nitakuwa nimeshaondoka, na hakuna atakayemleta. Mwambie mama akiikuta asiiguse. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Naomba urudie, Mwalimu, nijue umeelewa vizuri."

Nimekuja kujua baadaye kwamba manesi ndivyo wanavyofanya na wagonjwa wakiwapa dawa. Siku ile sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba nimesimama kwenye uwanja wangu mwenyewe, mimi niliyewafundisha kusoma nusu ya watu wazima wa Uru, na mtoto wa kambini ananitaka nirudie somo kama mtoto wa darasa la kwanza. Na nikarudia. "Shingoni. Namba. Asiiguse." Akasema asante, vizuri sana. Vizuri sana! Alipopotea kwenye migomba bado masikio yalikuwa yananiwaka.

Nikasema nitamwambia Odilia kesho. Kesho nikasema kesho. Baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi tena kusema nimesahau. Nilikuwa nimelikalia lile neno.

Mwezi wa nne Joyness akaleta kizimba. Kilikuwa cha plastiki, cha kijivu, kina matundu ya hewa pande zote na mlango wa vyuma, na mbwa alitakiwa akizoee miezi yote hiyo, ale humo na alale humo, ili siku ya kupakiwa asipagawe. Joyness aliweka ndani fulana ya zamani ya Fabian, ya timu. Akaniomba nimwambie mama kwamba chakula cha Kocha kiwekwe humo. Hilo nililisema. Odilia akanisikiliza, akaitikia, na Jumamosi iliyofuata Joyness akakuta ndani ya kizimba kuna kuku ameatamia mayai kumi na moja juu ya fulana ya marehemu.

"Nyumba nzuri hii," Odilia alisema akiwa mlangoni, bila kumtazama. "Haiingii mvua."

Joyness alipiga magoti akayatoa mayai moja moja, akayapanga kwenye nyasi, kuku akimdonoa mikono. Alikuwa anatoka damu. Akakung'uta fulana, akairudisha, akamwingiza Kocha, akakaa chini mbele ya mlango akimsemesha polepole mpaka mbwa akalala. Mayai yakapoa. Odilia alikaa wiki nzima akiyalalamikia mayai kumi na moja. Hata hivyo hakurudisha kuku tena, na jioni nilimwona kupitia kwenye masale akisukuma bakuli la mbwa ndani ya kizimba kwa mguu, kwa hasira, lakini ndani.

Hivyo ndivyo tulivyofika mwezi wa sita.

Mwezi wa sita kwetu ni baridi na ukungu, na wanyama huchakaa. Kocha alikuwa amekonda. Asubuhi moja Odilia aliniita nivuke. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbwa katikati ya magoti yake, anamtoa kupe.

"Mwalimu, njoo upapase hapa. Kuna funza."

Nikapapasa. Karibu na mabega, chini ya ngozi, palikuwa na kitu kigumu kinachoteleza chini ya kidole.

Naomba niitwe mwongo kwa mengine, kwa hili nitasema kweli. Nilijua. Nilijua palepale, kabla kidole hakijaondoka. Odilia hakujua. Amefuga maisha yake yote, amewatoa mbuzi na ng'ombe funza wasiohesabika, na kwake uvimbe chini ya ngozi ya mnyama ni mdudu, na mdudu hutolewa kabla hajaoza. Mtu aliyelelewa na mifugo hana namna nyingine ya kufikiri. Alikuwa ameshaandaa wembe mpya na mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa.

"Mshike vizuri kichwa," akasema. "Nisimuumize."

Neno lilikuwa mdomoni. Nilihitaji kusema tu, acha, ni chipu ya Joyness. Nikamwona Joyness amesimama uwanjani kwangu ananiambia nirudie. Nikawaza pia, na hili ni baya zaidi, kwamba mbwa akibaki, kati ya wote wanaotuacha sisi wazee kwa mara ya kwanza kuna mmoja atakayeshindwa kuondoka. Nikamshika Kocha kichwa. Alinitazama. Alikuwa ananijua tangu akiwa mtoto na hakupambana.

Odilia alichana kidogo sana, mkono wake ni mwepesi. Akabana kwa vidole viwili na kikatoka kitu cheupe chenye kung'aa, na damu kidogo. Akakiweka kiganjani akakigeuza.

"Hiki si funza."

"Kipande cha chupa," nikasema. "Alijiviringisha kwenye takataka huyo."

"Maskini," Odilia akasema, akimwambia mbwa. Akakitupa kwenye shimo la samadi, akampaka mafuta ya taa, akamwingiza ndani akampa maziwa ya ng'ombe, yale anayopima hata kwa mgeni. Jumamosi Joyness alipokuja kidonda kilikuwa kimeshafunikwa na manyoya.

Akaendelea kuja. Karatasi moja baada ya nyingine. Majibu ya damu yalirudi mazuri, akaniambia mimi kwa furaha kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia, na mimi nikampongeza. Siku zilibaki arobaini, zikabaki ishirini. Ningeweza kusema bado. Nisingeokoa safari ya mbwa, lakini ningeokoa jina la mtu. Sikusema.

Wiki ya mwisho daktari Shedrack akapanda kwa ukaguzi wa mwisho, wa cheti cha afya. Safari hii Odilia hakushuka shambani. Alikaa kwenye kigoda chake amevaa kitenge cha kanisani, na nadhani alitaka kumuaga mbwa, japo hata angekatwa ulimi asingekiri. Shedrack alitoa kifaa cha kusomea chipu akakipitisha shingoni. Kimya. Akapitisha tena. Mabegani, kifuani, miguuni, maana wakati mwingine chipu hutembea. Kimya. Kisha akapekua manyoya akaona kovu.

"Nani kamkata huyu mbwa?"

Joyness alisogea akaliona kovu, akaligusa, akainuka taratibu akamgeukia Odilia.

"Mama, umeitoa?"

"Nimetoa nini?"

"Chipu. Ile namba. Mama, karatasi zote zile..." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, si nilikuambia umwambie asiiguse? Hukumwambia?"

Wakanitazama wote watatu. Odilia alikuwa ananitazama na niliona akikumbuka: kigoda, kichwa cha mbwa mikononi mwangu, kipande cha chupa. Ana akili Odilia. Haikumchukua muda.

"Nilimwambia," nikasema.

Sijui nilitegemea nini. Ningekuwa mimi ningepiga yowe kijiji kizima kije kimwone mwongo. Odilia aliweka mikono magotini, akaninyanyulia macho kidogo tu, kisha akamtazama mkwe wake.

"Aliniambia," akasema. "Nikaitoa. Sasa?"

Nimefikiria sana kwa nini. Sidhani alifanya kwa ajili yangu. Nadhani aliona kuna namna mbili za kukaa mbele ya yule msichana: bibi mshamba aliyekata asichokijua, au adui aliyekusudia. Miaka yote ile alikuwa adui. Akaona aendelee.

Joyness hakulia. Afadhali angelia. "Nilikuwa nataka nikifika nikupigie simu umwone Kocha," akasema. "Kila Jumamosi. Nilikuwa nimeshafikiria hivyo. Sasa nisikie vizuri, mama. Fabian umemzika mara mbili, na hii ya pili umechimba mwenyewe."

Akapiga magoti akamfungua Kocha mkanda wa shingoni, akautia mkobani na karatasi zote. Akaenda akasimama kidogo pale chini ya kahawa. Kisha akapanda gari ya daktari, Kocha akakimbia nyuma yake mpaka kwenye daraja, na pale akarudi. Ndege iliondoka Alhamisi. Hajapiga simu.

Mbwa yupo. Watu wanasema Odilia ameshinda. Waje Jumamosi wamwone alivyoshinda: Kocha anaingia mwenyewe kwenye kizimba asubuhi, analala juu ya fulana akiangalia njia, na hali mpaka jua lizame. Odilia anamtukana, anamwita mjinga, anavuta kigoda chake anakaa karibu na kizimba na kazi yake ya maharage. Kwenye jumuiya wanamkwepa. Mwezi wa kumi, wa rozari ya nyumba kwa nyumba, hawakusali kwake, walisema nyumba yake iko mbali. Iko hatua arobaini kutoka kwangu. Hakuwaambia. Mpaka leo hajamwambia mtu nani alishika kichwa.

Wiki iliyopita nilikata jani la isale kwenye mpaka wetu na kuvuka. Sikuwa nimepiga hatua tatu uani kwake Kocha akatoka kwenye kizimba, manyoya yamesimama, akanibwekea kama mwizi. Mimi, ambaye alikuwa ananipokea na mkia tangu akiwa mtoto. Nikaganda pale na jani langu mkononi. Odilia hakumkataza.

"Mwache abweke, Mwalimu," akasema, bila kuacha kuchambua. "Lazima awepo wa kukubwekea, na mimi nimeshachoka."

"Nimekuletea hili, Mama Fabian."

Alilitazama jani. Kwa desturi yetu hakuna anayekataa isale, sijawahi kusikia. Hata yeye hakulikataa. Alisema tu kwamba nimekosea nyumba.

"Mimi sikuwa na safari. Mwenye safari yuko Ujerumani. Tafuta ndege umpelekee."

Nikarudi nyumbani. Namba ya Joyness ninayo, alinipa mwenyewe ile siku ya kizimba, nimpigie kukiwa na tatizo. Jani nililiweka mezani pembeni ya simu, na limeshakauka.